Jukwaa la mitindo ni soko, mkulima na fundi nao wajiandae

KILA mwaka unapoelekea ukingoni, habari za maonyesho ya mavazi hupamba moto jijini Dar es Salaam. Picha za vijana waliovalia nguo za kila rangi hujaa kwenye kurasa za burudani. Wengi wetu huzitazama, tukatabasamu, kisha tukafungua ukurasa mwingine kutafuta bei ya mahindi.

Leo tunawaomba wasomaji wetu, wakulima na wafanyabiashara wadogo, wasiharakishe kufungua ukurasa huo mwingine. Nguo inayopita jukwaani kwa muda mfupi imeanzia mahali fulani. Imeanzia shambani, au zizini, au kwenye beseni la rangi la kikundi cha akina mama, na imepita chini ya sindano ya cherehani. Swali la kujiuliza ni moja: je, mahali hapo ni kwetu au ni kwa wengine?

Maoni yetu ni kwamba wiki ya mitindo si burudani peke yake. Ni soko. Na kama ilivyo kwa soko lolote, anayeuza ni yule aliyejiandaa kabla mnunuzi hajafika.

Soko linalotangulia msimu

Wiki za mitindo hazikuanzishwa kwa ajili ya kupiga picha. New York ilianza yake mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Paris, mji ambao Wamarekani walizoea kuufuata kwa mavazi, ulikuwa mikononi mwa Wajerumani. Eleanor Lambert, mwanamke aliyekuwa akifanya kazi ya kutangaza biashara ya mavazi, aliona hapo nafasi ya kuwakusanya waandishi wa habari na kuwaonyesha kazi za wabunifu wa nyumbani. Kwa maneno mengine, ilikuwa ni jitihada ya watu kuuza vya kwao.

Hivi leo New York, London, Milan na Paris hufanya maonyesho makubwa mara mbili kwa mwaka. Nguo zinazoonyeshwa mwezi Septemba si za kuvaliwa Septemba, bali ni za msimu wa joto wa mwaka unaofuata. Miezi sita ya katikati ndiyo ya wenye maduka kutoa oda, viwanda kununua vitambaa na mafundi kushona. Mkulima hahitaji kufundishwa jambo hili. Anajua kwamba asiyetafuta mbegu kabla ya mvua, mvua itamkuta mikono mitupu.

Hapa kwetu onyesho linalofahamika zaidi ni Swahili Fashion Week, lililoanzishwa mwaka 2008 na mbunifu wa mavazi Mustafa Hassanali. Kwa kawaida huangukia mwishoni mwa mwaka. Katika Kanda ya Magharibi inayotoa karibu pamba yote ya nchi hii, pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Hivyo basi, wakati mmoja anapiga pasi nguo za jukwaani Dar es Salaam, mwenzake yuko shambani Simiyu akifukia mbegu. Wote wawili wanashughulikia zao moja, lakini hakuna anayemjua mwenzake. Hapo ndipo tatizo letu lilipo.

Mpanga mavazi anatafuta nini?

Nyuma ya kila onyesho yupo mbunifu aliyechora nguo, na mara nyingi yupo mtu mwingine ambaye jina lake halitangazwi sana. Huyu ni mpanga mavazi. Kazi yake ni kuamua nguo ipi iende na kiatu kipi, shanga zipi zivaliwe shingoni, kilemba kifungweje, na mwanamitindo yupi atangulie. Kwa mbunifu mdogo, kazi zote mbili hufanywa na mtu mmoja.

Onyesho la mbunifu mmoja huchukua dakika 10 au 15 tu, lakini maandalizi yake huchukua miezi. Mpanga mavazi huanza kwa kukusanya vipande vya vitambaa, picha, rangi, majani makavu, hata ganda la kitu alichokiokota njiani, akavibandika kwenye ubao mmoja na kuvitazama kila siku mpaka wazo likae sawa. Kisha hutoka kwenda kutafuta vitu halisi. Huzunguka Kariakoo na Mtaa wa Uhuru akipapasa majora, akauliza vifungo, zipu, bitana na uzi. Hutafuta vikapu vya ukindu, mikanda ya ngozi, na mikufu ya shanga. Baadaye huja siku za kujaribisha nguo, kupunguza kiuno na kushusha pindo. Siku ya onyesho, kila vazi hutundikwa na kadi yake yenye namba, viatu chini yake na mapambo pembeni, kwa sababu mwanamitindo akitoka jukwaani hana muda wa kuuliza.

Msomaji wetu aihesabu hiyo orodha. Kitambaa, uzi, vifungo, ngozi, ukindu, shanga, kazi ya fundi. Ni kitu gani hapo ambacho nchi hii haiwezi kukitoa? Pamba tunayo. Ng'ombe na mbuzi tunao wengi. Vifungo vinaweza kuchongwa kwa pembe na kwa kifuu cha nazi. Mafundi cherehani wapo kila baraza. Hata hivyo, mpanga mavazi huyo mara nyingi hurudi na mfuko uliojaa vitu vilivyotoka ng'ambo.

Mawazo yametoka kwa wateja wetu

Wapo wanaodhani kwamba mitindo ni jambo la kuiga kutoka Ulaya. Historia ya kanga inawakatalia. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walikuwa wakinunua vitambaa vya leso vilivyoshikana katika jora moja. Badala ya kuvikata kimoja kimoja, walikata vitatu vitatu, wakaunganisha safu mbili, wakapata vazi pana ambalo halikuwapo kabla. Hawakuwa na jukwaa wala taa za rangi. Lakini wafanyabiashara waliokuwa na macho waliona kinachofanyika, wakaagiza kitambaa kizima chenye mji na pindo tayari.

Mmoja wa wafanyabiashara walionufaika alikuwa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanzisha biashara yake mwaka 1887. Maneno "Mali ya Abdulla" yaliyochapwa kwenye kanga zake yamekuwa alama ambayo wanawake wa Afrika Mashariki wameitambua kwa vizazi. Somo lake kwa mwenye duka dogo ni jepesi. Mfanyabiashara huyo hakusubiri kuletewa mtindo, bali alisikiliza wateja wake wanataka nini, akaweka alama yake juu ya bidhaa ili mtu arudi kwake na si kwa jirani.

Mpanga mavazi wa leo naye anatafuta mawazo hayo hayo. Hupita sokoni akatazama mama muuza samaki alivyofunga kanga yake, mfugaji alivyopanga rangi za shuka na shanga, na mitumbwi ilivyochorwa ubavuni. Mawazo hayo yanazaliwa kwetu. Kinachosikitisha ni kwamba wazo hubaki hapa na fedha ya kitambaa huondoka.

Kwa nini anatupita?

Wapo watakaosema kwamba wabunifu wetu hawana uzalendo. Sisi hatukubaliani na jibu hilo jepesi. Mnunuzi huenda anakopata anachokitaka, na zipo sababu zinazomfanya atupite sisi wauzaji. Tutazitaja bila kuoneana haya.

Ya kwanza ni kutolingana kwa bidhaa. Kikundi cha batiki kinaweza kutoa kitambaa kizuri cha kushangaza, lakini mbunifu akirudi kutaka mita 20 za namna ile ile, beseni la pili halifanani na la kwanza. Rangi ilipimwa kwa macho, na hakuna aliyeandika. Mbaya zaidi, nguo ikifuliwa mara moja inachuja. Mnunuzi aliyeharibiwa nguo za wateja wake harudi tena, na hatoi sababu.

Ya pili ni ngozi. Mfugaji anapiga chapa ya moto ubavuni, sehemu ambayo ngozi yake ndiyo pana na bora kuliko zote. Kupe wanaongeza matundu. Kisha mchunaji anapitisha kisu kwa haraka na kuacha mikato. Ngozi hiyo ikifika kiwandani inapangwa daraja la chini, na fundi wa mikoba hawezi kupata kipande kizima kisicho na kovu. Hasara hiyo ilianza siku ng'ombe alipowekwa chapa.

Ya tatu ni pamba yenyewe. Imekuwa ni tabia kwa baadhi ya wakulima na wanunuzi kuweka mchanga au kumwagia maji pamba ili mizani ipande. Wengine huihifadhi katika viroba vya sandarusi. Nyuzi ndogo za sandarusi huchomoka, zikachanganyika na pamba, zikapita kiwanda cha kuchambua na cha kusokota bila kuonekana. Zinaonekana siku kitambaa kinapotiwa rangi, kwa sababu sandarusi haishiki rangi kama pamba. Kitambaa hutoka na vidoa na michirizi, na kiwanda hupata hasara. Matokeo yake pamba ya eneo zima hupata sifa mbaya na bei hushuka, hata kwa yule mkulima aliyeichuma kwa usafi.

Hesabu ya fulana moja

Ili msomaji aone ukubwa wa jambo hili, tufanye hesabu ya mfano. Fulana ya kawaida ina uzito wa kama gramu 200. Tukihesabu na kinachopotea wakati wa kusokota na kukata, tuseme imehitaji gramu 250 za pamba nyuzi. Pamba mbegu ikichambuliwa, nyuzi ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito wake, na sehemu kubwa inayobaki ni mbegu. Kwa hiyo fulana hiyo imetokana na kama gramu 700 za pamba ya mkulima. Kama kilo ilinunuliwa kwa shilingi 1,200, mkulima amepata shilingi 840.

Fulana hiyo ikiuzwa dukani kwa shilingi 10,000, sehemu ya mkulima haifiki hata moja ya kumi. Zilizobaki ni za mchambuaji, msokotaji, mfumaji, mtia rangi, fundi, msafirishaji na mwenye duka. Hatusemi kwamba watu hao wanaiba, kwa sababu kila mmoja amefanya kazi. Tunachosema ni kwamba sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi, hivyo kazi hizo karibu zote, pamoja na mishahara yake, hufanywa katika nchi nyingine. Kisha sisi tunanunua nguo kwa fedha za kigeni.

Haikuwa hivyo siku zote. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, pamoja na vya Mwanza na Musoma vilivyofuata, vilijengwa ili pamba ivaliwe ilikolimwa. Sababu za kudorora kwa viwanda hivyo ni nyingi na tumezijadili mara nyingi. Lakini kiwanda hufufuka palipo na mnunuzi anayerudi, na mbunifu ni mmoja wa wanunuzi hao.

Tuwe wakweli hapa. Mavazi 15 ya jukwaani hayawezi kumaliza pamba ya kijiji kimoja, sembuse ya mkoa. Faida yake haiko usiku wa onyesho, iko katika oda zinazofuata. Sare za hoteli, mavazi ya harusi na ya kwaya, nguo za duka zinazofuata mtindo uliopendwa, hizo ndizo zinazokula majora. Wala si lazima kushindana na mitumba kwa bei. Mitumba haiwezi kuja imekatwa kwa vipimo vya mteja, na hapo ndipo fundi wetu ana nguvu.

Wabunifu nao wajisahihishe

Tumewasema wakulima na mafundi, sasa tuwageukie wabunifu na wapanga mavazi.

Malalamiko ya mafundi yanafanana. Mbunifu huleta kazi zikiwa zimebaki siku chache, akataka ikeshwe usiku na mchana. Malipo huahidiwa baada ya onyesho. Onyesho likiisha, simu haipokelewi. Muuza shanga huazimwa mikufu kwa ahadi kwamba atatangazwa, mikufu hurudi imekatika, na jina lake halikutajwa popote. Fundi mwenye cherehani moja aliyekesha wiki nzima bila malipo amekosa kodi ya chumba na ada ya mtoto. Huwezi kujenga jina la taifa katika mitindo juu ya mgongo wa mtu huyo.

Jambo jingine ni wazo kuchukuliwa bila mwenyewe kutajwa. Tunalalamika, na tuna haki, tunapoona wageni wakijinufaisha kwa vya kwetu. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili nchini humo jina la kikoi, kwa tahajia ya "kikoy", liwe alama yake ya biashara. Wakenya walipinga, na maombi hayo yaliondolewa mwaka 2008. Mwezi Juni 2011 Louis Vuitton ilionyesha Paris mavazi ya kiume yaliyochota waziwazi kwenye shuka la Kimasai. Lakini mbunifu wa Dar es Salaam anayenakili ruwaza ya kikundi cha akina mama wa mkoani, bila kuwanunulia hata mita moja, ana tofauti gani na hao wageni?

Nini kifanyike?

Kwanza, maandalizi yaanze mapema. Mbunifu anayetaka kitambaa cha Desemba aonane na mfumaji au kikundi cha batiki mwezi Juni, si Novemba. Waandaaji wa maonyesho wanaweza kusaidia kwa kutenga siku moja, miezi sita kabla, ambapo wauzaji wa vitambaa, ngozi, shanga na vifungo wataleta sampuli zao.

Pili, oda iandikwe. Karatasi moja inatosha: idadi, rangi, vipimo, tarehe na bei. Fundi asianze kukata bila arubuni, yaani malipo ya awali, angalau ya kugharimia uzi na chakula cha wasaidizi. Anayekataa kutoa arubuni mbele ya maandishi amekwishakuonyesha atakavyolipa baadaye.

Tatu, vikundi viwe na daftari la rangi. Kila mchanganyiko upimwe kwa kijiko au mizani, uandikwe, na kipande cha kitambaa kibandikwe pembeni mwake. Kabla ya kuuza, kipande kifuliwe na kupigwa pasi. Kazi hiyo inachukua saa chache tu, lakini ndiyo itakayomfanya mnunuzi arudi mara ya pili.

Nne, wakulima wa pamba kupitia vyama vyao vya msingi wakatae sandarusi, mchanga na maji katika pamba yao. Wafugaji wahamishie chapa miguuni au shingoni. Bodi ya Pamba na maofisa ugani wasikome kulisema hili, na mnunuzi naye alipe bei tofauti kwa daraja tofauti. Mkulima msafi akilipwa sawa na mchafu, usafi hautadumu.

Tano, wenye ruwaza na alama zao wazisajili. COSOTA ipo kwa ajili ya hakimiliki na BRELA kwa ajili ya alama za biashara. Na jina la kikundi lililoshonwa kwenye lebo ndani ya nguo lina thamani kuliko makofi ya usiku mmoja.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini ili atunzwe ni lazima kwao kuwe na ngoma, na ngoma yenyewe iwe imewambwa mapema. Taa za jukwaa zitakapowaka tena mwisho wa mwaka, tungependa kuona nguo ambayo pamba yake, rangi yake na mshono wake vina watu hapa nchini, na watu hao wawe wamelipwa kabla taa hazijazimwa.

Mkulima anayeingia shambani msimu huu, na mbunifu anayebandika vipande kwenye ubao wake, wako kwenye biashara moja. Umefika wakati wajuane.